Maksi mbaya ziletwe nyumbani siku hiyohiyo

Mhariri,

Tafadhali nipe nafasi niseme na wanafunzi, na wazazi wao pia, kuhusu karatasi za mtihani zinazoishia chini ya godoro.

Maksi mbaya zikilala siku tatu kwenye begi haziongezeki, ila kosa linakuwa la pili. Mzazi akiikuta karatasi mwenyewe, au akisikia kwa mwalimu, hisabati inasahaulika na kesi inakuwa ya uongo. Kugeuza 3 iwe 8 au kughushi saini ya mzazi ni kubaya zaidi, na hakufichiki: mwalimu ana orodha yake ya maksi.

Kabla ya kusema, mwanafunzi akae na karatasi dakika 20. Kila palipokatwa maksi aandike pembeni herufi moja: J kwa asichokijua, H kwa alichokijua akakosea kwa haraka, M kwa maswali ambayo muda ulimwishia. Kisha ajumlishe. Tuseme amepata 34 kwa 100, yaani zimepotea 66. Ikitoka M 30, J 22 na H 14, tatizo kubwa ni mwendo: amekwama kwenye swali moja nusu saa nzima, ya mwisho hakuyagusa. Huyo afanye mitihani ya zamani akiwa na saa mezani. Mwenye J 50 arudi kwenye mada yenyewe, pengine hata ya darasa lililopita. Anayesema tu "nimefeli" anamwachia mzazi akisie sababu, na mzazi atakisia uvivu.

Sasa kusema kwenyewe. Si mlangoni mzazi anapoingia amechoka, si mbele ya wageni, wala si kwa ujumbe wa simu kisha mtu akajifungia chumbani. Aombe dakika 10 mzazi akishapumzika. Namba itangulie: "Mama, nimepata 34 kwa 100 kwenye hisabati. Karatasi hii hapa." Asianze na "usikasirike", anayeambiwa hivyo hupandwa na hasira kabla hajajua kuna nini. Wala asitangulize wenzake waliofeli. Baada ya hapo anyamaze, mzazi asome. Ukimya huo ni mzito, na ndipo wengi huanza kumlaumu mwalimu wakaharibu kila kitu.

Mtoto anayeogopa kupigwa asiende peke yake. Amwambie kwanza mwalimu au ndugu mtu mzima anayemwamini, na huyo awepo wakati wa kusema.

Nanyi wazazi, nawaomba sana: itazameni karatasi kabla ya kuuliza "kwa nini". Hasira ikipanda, sema "tutaongea kesho", na kesho ongea kweli. Ukimtaja dada yake anayefaulu, maksi mbaya zijazo hutaletewa.

Mpango uwe mdogo unaoweza kupimika: kurudia maswali aliyokosa bila kuchungulia masahihisho, dakika 30, siku tatu kwa wiki, na kumwona mwalimu kabla mada mpya haijaanza. Karatasi isitupwe. Mtihani ujao hesabu za J, H na M zifanywe tena, zilinganishwe. M ikishuka kutoka 30 hadi 15, mzazi alitaje hilo kwanza, hata kama jumla bado haijapendeza.

Mwalimu wa hisabati