Malalamiko: Bodi za Kumwagia Zege Zilizouzwa kama Mbao za Sitaha ya Boti

Mtera,
Wilaya ya Mpwapwa.

Meneja wa Mauzo,
Duka la Mbao na Vifaa vya Ujenzi,
Dodoma.

YAH: BODI 3 NA SKRUBU ZISIZOFAA KWA SITAHA YA BOTI YA UVUVI

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mwezi Mei tulinunua kwenu bodi 3 za futi 4 kwa 8, unene wa milimita 18, na paketi 2 za skrubu. Kazi tuliitaja waziwazi: kubadili sitaha, yaani sakafu ya juu, ya boti ya mita 7 katika Bwawa la Mtera. Muuzaji alitujibu kwamba hizo ni marini, maji hayaziwezi. Kufikia Septemba zote zimefumuka kingo, na moja inabonyea ikikanyagwa.

Mlichotuuzia ni zile bodi nyeusi za kumwagia zege la slabu. Mafundi ujenzi huziita marini, na kwa kazi yao zinafaa, maana hulowa siku chache kisha hubanduliwa zikakauka. Sitaha hailowi na kukauka namna hiyo. Ngozi ile nyeusi hulinda uso tu. Maji huingilia kingoni na katika kila tundu la skrubu, kisha ngozi hiyohiyo huyazuia kutoka. Tulipoipasua moja tulikuta tabaka za ndani zina mapengo yenye upana wa kidole. Kipande cha inchi 4 tulikichemsha, na kabla ya saa moja tabaka zikaachana. Gundi ya fenoli, ambayo ndiyo ya bodi za kuhimili maji, haiachii kwa maji ya moto. Inayoachia hivyo ni ya yurea, ambayo ni ya makabati ya ndani ya nyumba.

Kuna pia utelezi. Ngozi hiyo ikipata maji na ute wa samaki haikanyagiki, na mvuvi anavuta nyavu usiku akiwa amesimama juu yake. Rangi na epoksi (gundi ya maji ya kuchanganya inayokauka ikawa ngumu na kuzuia maji) navyo havishiki juu yake, hivyo hata kurekebisha hatuwezi.

Muuzaji alisema pia kuwa maji ya bwawa hayana chumvi, kwa hiyo hayaozeshi mbao. Ni kinyume kabisa. Chumvi huzuia kuvu wanaoozesha mbao. Maji baridi yakituama chini ya sitaha isiyopitisha hewa huwastawisha. Tunaomba kauli hiyo isirudiwe kwa mteja mwingine wa mabwawa ya Mtera au Hombolo.

Skrubu zilikuwa zile nyeusi za kufungia bodi za jipsamu. Upako wake ni mwembamba na chuma chake hukatika badala ya kupinda, kwa hiyo vichwa vingi vimebaki mkononi tulipofungua, na shina limebaki ndani ya darumeti, yaani boriti za kukingama zinazobeba sitaha.

Tunadai mtubadilishie kwa plaiwudi ya boti yenye alama ya BS 1088 (kiwango cha Uingereza cha plaiwudi ya boti), bodi 3 za milimita 12. Unene huo unatosha darumeti zikiwa karibu karibu kama zetu, na kila bodi ina uzito wa kama kilo 20, wakati zenu zinapita 30. Uzito wa juu huyumbisha boti ndogo, tena maji ya Mtera yakishuka kiangazi boti huburutwa mbali. Kama hamna plaiwudi hiyo, tutapokea mbao za mninga zilizokaushwa, inchi 1 kwa 4, ingawa ni nzito zaidi na zitahitaji kalafati, yaani kuzibwa nafasi kati ya mbao. Mninga hautanuki sana ukilowa. Paini isiyotiwa dawa hatutaipokea.

Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, milimita 40. Daraja la 304 linatosha kwa maji baridi, hatuhitaji 316 ya baharini. Ongezeni kilo 7 za epoksi: mikono mitatu pande zote mbili, kingo na matundu yakinyweshwa kwanza, mkono wa mwisho ukinyunyiziwa mchanga mkavu uliochekechwa ili miguu ishike. Rangi ya kuikinga epoksi na jua tutanunua wenyewe.

Tunasubiri jibu ndani ya siku 14. Baada ya hapo tutalipeleka suala hili Tume ya Ushindani.

Wenu,
Wamiliki wa boti, Mtera

Viambatisho: nakala ya risiti, picha 6, kipande kilichochemshwa.