Dawati la kambini lianze na sanduku, bawaba zije baadaye

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme machache kuhusu madawati ya kukunja ya kutumiwa na wanajeshi wakiwa porini. Siku hizi mtu akionyesha dawati la namna hiyo, sifa yake ya kwanza ni jinsi linavyokunjuka: anavuta hapa, linafunguka pale, watazamaji wanapiga makofi. Sisi mafundi tunahesabu viungo vinavyocheza. Kila bawaba ni mahali pa mchanga kuingia, skrubu kung'oka na kidole kubanwa gizani. Kwa hiyo dawati lenye bawaba kumi na mbili halitupi raha, hata likifunguka kwa sekunde tano.

Dawati la kambini ni sanduku kwanza. Sehemu kubwa ya maisha yake liko stoo au kwenye lori, limefungwa, na juu yake yamewekwa masanduku mengine. Kuwa meza ni kazi yake ya pili. Anayelibuni aanze na vitu vitakavyobebwa ndani yake na vitakavyotandazwa juu yake, ndipo aangalie lifunguke vipi.

Chukua karatasi. A4 ni milimita 210 kwa 297, na rimu moja ya gramu 80 ina kilo 2.5. Ramani za Tanzania na Kenya za kipimo cha 1:50,000 zinafunika dakika 15 kwa dakika 15, kwa hiyo eneo lililochorwa lina sentimita 55 hivi kila upande, bila pambizo. Ofisa anayepanga njia hataki kuikunja ramani mara nne ndipo aisome. Tunapendekeza sanduku lenye upana wa sentimita 75, kina 45 na kimo 35, kwa vipimo vya nje. Ubao wa mbele ufungwe bawaba upande wa chini, ukishushwa ulale usawa mmoja na sakafu ya sanduku. Vishubaka vya nyuma viwe na kina cha sentimita 22, A4 iingie kwa ubavu. Ndani kuna sentimita 43. Toa 22, zinabaki 21 za sakafu iliyo wazi. Jumlisha 35 za ubao ulioshushwa, unapata 56. Ramani inatandazika, pambizo zikining'inia kidogo.

Upana wa 75 nao haukuchaguliwa kwa macho. Miguu lazima iingie ndani ya sanduku. Kimo cha dawati hupimwa kuanzia kwenye kiti: uso wa kuandikia ukae sentimita 27 hadi 30 juu ya kikalio. Kigoda cha kukunja cha kambini kikiwa na sentimita 42, dawati linatakiwa liwe na 70. Hapo ndipo miguu ya kupishana kama mkasi inapoangusha wabunifu wengi. Kwa kimo cha 70 na mtawanyiko wa 45, kila mguu unafika sentimita 83, hauingii kwenye sanduku hili, basi unafungwa nje kwa kamba na kuvunjika safari ya pili. Miguu ya kuchomeka ina sentimita 70 hivi. Ndani kuna 73. Inalala kwenye ile sakafu wazi mbele ya vishubaka, na hapo hapo inazuia majalada yasimwagike lori likiruka.

Kiungo cha mguu tusikibuni upya. Mwishoni mwa karne ya 19, katika jeshi la Waingereza nchini India, kulikuwa na kiti kilichopewa jina la mji wa Roorkee, ulikokuwa na makao ya wahandisi wa jeshi. Hakina gundi wala msumari kwenye viungo vyake. Ndimi za mbao zimechongwa kwa kupungua kuelekea nchani, zinaingia kwenye matundu yaliyopungua vivyo hivyo, na uzito wa mkaaji ndio unaozikaza. Kikiwekwa kwenye ardhi yenye mabonde kinajipinda kidogo hadi kila mguu unakanyaga chini. Mdenishi Kaare Klint alipotengeneza kiti chake cha safari mwaka 1933 alifuata mpango huo huo. Kabla ya kiti cha Roorkee maofisa walisafiri na makabati ya msaji yenye kona za shaba, yanayogawanyika vipande viwili. Ni kazi nzuri ajabu, lakini ilihitaji wanyama na watu wa kuibeba, na baada ya vita vya Makaburu vya 1899 hadi 1902 mzigo wa namna hiyo ukaanza kuachwa.

Kwa dawati letu, ulimi uwe na urefu wa milimita 50, kufuatana na unene wa kigingi, yaani kipande cha mbao chenye tundu la mguu, kipenyo 25 kwenye shina na 16 nchani. Ulimi wa duara usiopungua utashika vizuri siku ya makabidhiano. Kiangazi kikifika mbao inasinyaa, tundu linabaki kubwa, mguu unacheza kama jino bovu. Ulimi uliopungua ukisinyaa unazama milimita mbili zaidi na kukaza tena. Kasoro yake ni kwamba ukiliinua dawati kulihamisha, miguu inadondoka. Dawa ni pini ya chuma ya milimita 6 inayopita kwenye kigingi na ulimi, ikiwa imefungwa kwa uzi imara ili isipotee. Masika ulimi ukigoma kutoka, ugonge kwa nyundo ya mbao, na kabla ya kuuchomeka upake nta ya mshumaa. Mafuta na grisi viachwe, vinakusanya vumbi na kugeuka msasa.

Vigingi vyenye matundu, sentimita 10 kwa 10 na unene wa 5, vigandishwe chini ya sanduku kwa nje, kwa gundi na bolti. Vikiwekwa ndani vitakula uso wa kuandikia. Vikiwa nje vinainua sanduku kutoka kwenye ardhi mbichi hata kabla ya kuchomekwa miguu.

Sasa hesabu ambayo michoro mingi huiruka: kupinduka. Plaiwudi ya milimita 9 inayostahimili maji, kwa eneo la mita 1.5 za mraba, ina kilo 8 hivi. Ongeza vishubaka, miguu, vigingi na vyuma, unafika 13. Tuseme miguu ya mbele imesimama wima ukingoni mwa sanduku. Ubao wa mbele ukishushwa, kitovu cha uzito kinabaki sentimita 18 tu nyuma ya miguu hiyo, na ncha ya ubao iko sentimita 35 mbele yake. Zidisha 13 kwa 18, gawa kwa 35: kilo 7 zikiwekwa nchani, dawati tupu linapinduka. Kiwiko cha mtu anayesinzia zamu ya usiku kinatosha kabisa. Watu hawagundui kwa sababu hulijaribu likiwa limejaa. Siku linapoondolewa majalada ndipo redio inaenda chini.

Toboa matundu kwa mshazari wa nyuzi 12, nyayo zitoke sentimita 15 mbele. Sasa ncha ya ubao iko 20 tu mbele ya nyayo, na kitovu kiko 33 nyuma. Dawati tupu litahimili kilo 21. Miguu ya nyuma nayo ipewe mshazari huo huo kwenda nyuma, si kwa ajili ya uzito, bali ili miguu yote minne iwe na urefu mmoja na mguu wowote uingie tundu lolote. Askari anayelisimamisha saa tisa usiku bila taa asitafutishwe mguu wa kulia.

Ubao wa mbele usining'inizwe kwa minyororo. Mnyororo unakaa hasa mahali pa mkono, na skrubu zake zinang'oka kwenye ukingo wa plaiwudi, ambako tabaka hazishiki kitu. Weka vijiti viwili vya mninga vya kuvuta kutoka chini ya sakafu, milimita 20 kwa 40, vitokeze sentimita 20 na vibaki 25 ndani ya njia yake. Bawaba iwe moja ndefu ya kupita upana wote, na nyuma ya plaiwudi gandisha ufito wa mbao ngumu wa milimita 20 wa kupokea skrubu. Ukitumia skrubu za shaba kwa ajili ya hewa ya chumvi ya pwani, toboa kwanza, pitisha skrubu ya chuma ya ukubwa ule ule ikate njia, itoe, ndipo uweke ya shaba. Ukiisukuma moja kwa moja kwenye mninga au mkongo, kichwa kitabaki mkononi.

Vishikio vizamishwe ubavuni. Kilichotokeza kinanasa turubai la lori. Kwenye mchanga au tope toa sahani nne za plaiwudi za kipenyo cha sentimita 10, zenye kishimo katikati, mguu usizame. Vumbi lizuiwe kwa ukingo unaopandana badala ya mpira, kwa kuwa mpira hukauka na kupasuka. Tena sanduku lililozibwa kabisa hutoa jasho na karatasi zinaota ukungu. Kompyuta ndogo na nyaya zake zinahitaji tundu moja la milimita 40 nyuma, lenye kifuniko. Basi.

Wanaoandika zabuni wasiishie kwenye maneno “imara” na “nyepesi”. Waandike uzito wa juu kabisa: kwa sanduku hili kilo 14 likiwa tupu, na likibebeshwa rimu sita lifike 29 na lichukuliwe na watu wawili. Watake dawati tupu liwekewe kilo 20 kwenye ncha ya ubao. Watake sanduku lililojaa liangushwe kwa kona kutoka kimo cha bodi ya lori, kisha miguu ichomekwe na mtu ambaye hajawahi kuliona, gizani, bila spana. Na kila madawati kumi yaje na miguu minne ya akiba, pini nane na sahani nne, kwa sababu hivyo ndivyo vitakavyopotea.

Mafundi seremala,
Keko, Dar es Salaam