Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kupima Upande wa Kulia wa Moyo wa Mtoto

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atawasomea mweka hazina, na uchaguzi una ajenda yake. Muda wangu nautumia kwa kazi iliyotushughulisha mwaka mzima hapa Mwanza: kupima nguvu ya upande wa kulia wa moyo kwa watoto waliozaliwa na kasoro.

Chemba ya chini ya kushoto ina umbo linalokaribia yai, ndiyo maana mashine ya eko, inayopiga picha za moyo kwa mawimbi ya sauti, huweza kukadiria ujazo wake kwa picha chache. Ya kulia imeikumbatia mwenzake kama mwezi mchanga, na picha moja haiioneshi yote. Kipimo cha MRI, yaani picha za sumaku, ndicho hukata shauri, lakini mtoto aliyetoka Ukerewe kwa kivuko asubuhi anakutana kwanza na eko, na hapo ndipo tunapaswa kuwa makini.

Tulianza na TAPSE, yaani umbali ambao ukingo wa vali ya trikaspidi (mlango kati ya chemba ya juu na ya chini za kulia), upande wa ukuta wa nje, husogea kuelekea ncha ya moyo katika kila pigo. Mlaze mtoto ubavu wa kushoto, weka probu, kichwa cha mashine kinachoshikwa mkononi, kwenye ncha ya moyo hadi chemba zote 4 zionekane, kisha pitisha mstari wa modi ya M, unaochora mwendo wa sehemu moja ya moyo kadiri muda unavyopita, kwenye ukingo huo, sambamba na njia ambayo ukingo husogea. Mstari ukikaa mshazari namba inashuka, na moyo wenye nguvu unaandikwa dhaifu. Ongeza kasi ya mchoro hadi mm 100 kwa sekunde, kwani mapigo ya mtoto mchanga hubanana. Pima mapigo 3, andika wastani. Akilia, mpe mama amnyonyeshe, subiri atulie. Kipimo cha mtoto anayepiga mateke ni cha kurudiwa.

Kosa tulilolikuta mara nyingi kwenye fomu zetu wenyewe ni hili: mm 17, kiwango cha chini cha mtu mzima, kilitumika kwa kila umri. Mtoto aliyezaliwa karibuni ana wastani wa mm 9 hivi, kijana wa miaka 18 anakaribia mm 25. Kwa hiyo mm 14 ni habari njema kwa mtoto wa miezi michache, na ni dalili ya kufuatilia kwa mwenye miaka 10. Namba isiyo na umri na uzito pembeni yake haimsaidii daktari wa Hospitali ya Bugando, wala wa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete anayempokea mtoto huyo.

Jambo la pili ni watoto waliofanyiwa upasuaji wa tetralojia ya Fallot, yaani kasoro nne za moyo zinazozaliwa pamoja. Baada ya kifua kufunguliwa, mwendo wa ukingo ule hupungua hata pale misuli inapobana vizuri kwa upande. Msitegemee TAPSE peke yake. Sogeza probu kidogo kuelekea kwapa hadi ukuta wa nje uonekane wote, chora eneo la chemba ikiwa imejaa na ikiwa imebana, toa la pili kwenye la kwanza, gawa kwa la kwanza; jibu ndilo huonesha chemba inabana kwa kiasi gani. Vinyuzi vya misuli vilivyomo ndani viachwe ndani ya mchoro. Anayevikwepa anapata eneo dogo kuliko lilivyo. Andikeni pia ukubwa wa chemba na kiasi cha damu inayorudi kupitia vali ya mapafu, maana kurudi huko ndiko huitanua chemba mwaka hadi mwaka.

Kuhusu presha: ili kupata tofauti ya presha kati ya chemba ya chini ya kulia na ile ya juu yake, kasi ya damu inayovuja kwenye trikaspidi, kwa mita kwa sekunde, huzidishwa yenyewe kwa yenyewe, kisha mara 4. Mita 3 kwa sekunde ni mmHg 36. Mita 4 ni 64. Ndiyo maana mwale wa Doppler, unaopima kasi hiyo, ukipinda hudanganya sana. Na pale njia ya kwenda mapafuni ilipobana, presha hiyo ni ya chemba, si ya mishipa ya mapafu. Ripoti iseme hivyo waziwazi.

Kamati imeandaa fomu mpya yenye nafasi za umri, uzito, urefu, oksijeni, hali ya mtoto wakati wa kupimwa na aina ya upasuaji. Naomba mkutano uijadili na kuipitisha leo, ili ianze kutumika Jumatatu.