Somo, usiwape waifomati

Kikwajuni, Unguja

Somo yangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullah. Sie huku wazima, alhamdulillah. Joto la kaskazi limeshaanza, embe zimejaa Darajani mpaka watu wanakosa pa kupita. Mama anakusalimu, na anasema ana maneno na weye kwa kuja mjini ukaondoka bila ya kumpitia. Hayo mtayamaliza wenyewe.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza. Laptopu imejiapdeti usiku, asubuhi alama ya waifai haipo, pale pembeni kimebaki kidude cha dunia, na fundi uliyempelekea kakwambia kadi ya waifai, kile kifaa cha ndani kinachoshika mtandao, imekufa, kwa hiyo aifomati kwanza, yaani afute kila kitu na kuitia Windows upya, kisha atazame kama kuna haja ya kununua kadi nyengine. Nimeona nikuandikie kwenye karatasi, maana maelezo ya sauti utakuwa unayarudisha nyuma kila dakika na mkono mmoja uko kwenye kibodi. Karatasi unailaza pembeni ya mashine, unafuata.

Kwanza, maneno ya huyo fundi yanagombana yenyewe kwa yenyewe. Kama kadi imekufa, kufomati hakutaifufua. Na kama kufomati kunaiponesha, basi haijafa. Maksi za wanafunzi wako zimo mle na nakala nyengine huna, nakujua. Usimkabidhi mtu mashine mpaka umalize karatasi hii.

Kadi iliyolala nzima ikaamka haionekani baada ya apdeti, mara nyingi haina maradhi yoyote. Kinachokuwa kimeharibika ni draiva, ile programu inayoiwezesha Windows kuzungumza na kadi. Apdeti inapoingia inaweza kuleta draiva nyengine ikaiweka juu ya ile ya mwanzo, na hiyo mpya isielewane na kadi yako. Windows haijui kama imekukatia njia. Yenyewe inaona imekufanyia hisani.

Haya, ifungue. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, uviachie, halafu bonyeza M. Dirisha litakalokuja ni la Device Manager, na humo vimeandikwa vifaa vyote vilivyomo ndani ya mashine. Shuka mpaka "Network adapters" uifungue. Dawa inategemea utakachokikuta hapo, na ndiyo sababu sikukujibu siku ileile kwa kukisia.

Ukikuta jina la kadi lenye neno Wireless au Wi-Fi, na limewekewa pembetatu ya manjano, shukuru. Kadi inaonekana, draiva ndiyo inayokwama. Bofya jina hilo mara mbili, ingia palipoandikwa "Driver", utafute kitufe cha "Roll Back Driver". Hicho kinarejesha draiva iliyokuwepo kabla ya apdeti. Itakuuliza sababu, chagua yoyote ile. Izime uiwashe tena. Watu wengi safari yao inaishia hapa.

Kitufe kikiwa kimefifia na hakibofyeki, maana yake Windows haikuhifadhi draiva ya kurudia. Hapo mafundi wengi ndipo wanaposema tufomati, na hapo ndipo ningependa uende taratibu. Palepale bofya "Update Driver", kisha "Browse my computer", kisha "Let me pick from a list". Ile chaguo la juu, la kuitafutia mtandaoni, liache. Mtandao wenyewe huna. Utaletewa orodha, na mara nyingi humo mna draiva ya kadi yako zaidi ya moja, zinatofautiana tarehe au namba. Chukua iliyo ya zamani kuliko hiyo inayokusumbua. Mie naipenda njia hii kuliko zote. Haitaki intaneti hata chembe, haigusi faili lako hata moja, na ikiwa umechagua siyo, unarudi unachagua nyengine.

Kuna na kitufe cha "Uninstall Device", nacho kinafaa: unaiondoa kadi kwenye orodha, unaiwasha mashine upya, Windows inaitambua kama mgeni na kuiweka tena. Ila kitakuletea kisanduku cha kuuliza kama uifute na draiva. Usitie tiki, somo. Huko unakokaa intaneti yako yote ni hiyo waifai ya skuli. Ukiifuta draiva na huna nyengine mkononi, utakuwa umeongeza tatizo juu ya tatizo.

Sasa ikiwa jina la kadi halimo kabisa kwenye "Network adapters", angalia kama kuna fungu jengine limeandikwa "Other devices", na ndani yake "Network Controller" yenye pembetatu. Hapo Windows inaona kuna kifaa, lakini haijui ni nani. Kifaa chenyewe kinajua. Kibofye mara mbili, ingia "Details", na kwenye ile menyu ya kushuka chagua "Hardware Ids". Utaona mistari mirefu inayoanza na PCI, kisha VEN na herufi nne, kisha DEV na herufi nne. VEN ni mtengenezaji: 8086 ni Intel, 10EC ni Realtek, 14E4 ni Broadcom, 168C ni Atheros, na 14C3 ni MediaTek. (Intel wamechagua 8086 kwa sababu ndiyo namba ya prosesa yao ya mwaka 1978. Hata wahandisi wana mapenzi ya mambo ya zamani.) DEV ndiyo kadi yenyewe. Kwa namba mbili hizo hakuna wa kukudanganya tena kuhusu kadi gani unayo, na draiva yake inatafutika.

Itafutie kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu, kwa namba ya modeli iliyobandikwa chini ya mashine. Yale matangazo ya programu zinazojidai kukusasishia draiva zote kwa mbofyo mmoja usiyaguse hata ukisihiwa. Utakwenda kutafuta waifai urudi na uchafu. Na usishangae ukikuta draiva imeandikwa ya Windows 10 na weye una 11. Nyingi zao zinafanya kazi kote kuwili, na kwa laptopu za zamani mara nyengine ndiyo hiyo tu iliyopo.

Utauliza, na intaneti ya kushushia hiyo draiva nitaipata wapi? Simu yako. Iunge kwenye laptopu kwa waya wa USB, ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya hotspoti, uwashe "USB tethering". Laptopu itaona kama imechomekewa waya wa mtandao, haina haja ya kadi ya waifai. Jambo hili ndilo linalonishangaza kila siku: watu wanapanda gari kutoka Konde mpaka Chake kwenda kutiwa draiva, na simu iko mfukoni. Hakikisha tu waya ni ule unaopitisha data. Kuna nyaya za bei rahisi zinachaji tu. Kabla ya kufanya lolote, ingia kwenye mipangilio ya mtandao ya Windows, uitie hiyo njia ya simu kuwa "Metered connection", yaani mtandao wa kubana matumizi. Usipofanya hivyo Windows inaweza kuona intaneti imepatikana, ikaanza kushusha maapdeti yake, na bando lako la wiki likaisha kabla draiva haijafika nusu.

Imebaki hali ya tatu: hakuna kadi, hakuna "Other devices", hakuna kitu. Hata hapo usimkubalie fundi. Windows ya siku hizi ukiizima haizimiki moja kwa moja. Inahifadhi sehemu ya hali yake ili iwake haraka, na kadi inaweza kubaki imeduwaa vilevile kila ukiiwasha. Shikilia kitufe cha Shift huku unabofya "Shut down". Ikishazimika, chomoa chaja, bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie kama nusu dakika, kisha washa. Angalia na vitufe vya juu ya kibodi, kuna chenye picha ya ndege au mnara. Watoto wa nyumbani kwako mikono yao naijua.

Isipoonekana, tumia hiyo flashi niliyoiambatanisha na barua. Ndani yake mna Ubuntu, mfumo mwengine kabisa, unaowaka kutoka kwenye flashi bila ya kugusa diski yako. Ichomeke, washa mashine huku unagonga F12 (kwa laptopu nyengine ni F9 au Esc), uchague flashi, na ikiuliza, chagua "Try". Narudia: "Try", siyo "Install". Ikishafunguka bofya pembe ya juu kulia uone kama inaorodhesha waifai za jirani. Ikiziona, kadi yako nzima, na maneno ya fundi yamekwisha. Isipoziona, bado siyo hukumu ya mwisho, kwa sababu kuna kadi, hasa za Broadcom, ambazo Ubuntu nayo inataka itiwe draiva yake kando. Lakini ikiwa haionekani huku wala kule, hapo ndipo nitakubali ifunguliwe itazamwe kama imelegea kwenye tundu lake.

Hizo Broadcom zina kisa chao, na umwambie mdogo wako wa Tunguu maana ndiyo yaliyomkuta na Ubuntu yake. Draiva ya kadi kama yake haimo ndani ya keneli, yaani kiini cha mfumo. Inajengwa kwa kuipima keneli iliyopo. Ni kama kanzu ya mtoto ya Idd: mtoto akikua, lazima ikatwe nyengine. Keneli mpya ikija na ujenzi ukashindwa, waifai inapotea. Mwambie akiwasha mashine ashikilie Shift au agonge Esc, aingie "Advanced options", achague keneli ya kabla ya hiyo. Ubuntu huwa inaiacha palepale. Waifai ikirudi, ameshajua ugonjwa, na kwa intaneti hiyohiyo atie linux-headers (mafaili ya kujengea draiva) za keneli mpya, kisha aandike sudo apt install --reinstall bcmwl-kernel-source. Ikikataa bado, atazame Secure Boot, ule ulinzi wa mashine inapowaka, maana ikiwa imewashwa inaizuia draiva isiyosainiwa. Mengine anipigie mwenyewe, ana simu kubwa kunishinda.

Kitu kimoja hukunieleza: ilikuwa apdeti ya kawaida, au umehamishwa kutoka Windows 10 kwenda 11? Wengi wamehama baada ya msaada wa Windows 10 kwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kama umehama, na siku 10 hazijapita, kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya "Recovery", kuna kitufe cha "Go back" kinachokurudisha na mafaili yako yakabaki. Nisingekushauri ukae 10 milele, lakini kwa kumalizia maksi na kuzipeleka, rudi bila aibu.

Ikishapona, simamisha apdeti. Windows inakubali mpaka siku 35. Usizizuie moja kwa moja kama wanavyofanya baadhi ya watu, zina kinga ndani yake. Subiri tu shughuli za mitihani zipite. Na siku ya kuziruhusu usichague siku ya radi. Betri yako imekufa siku nyingi, mashine inaishi kwa chaja, na umeme wa Pemba unavuka bahari kutoka Tanga tangu mwaka 2010. Ukikatika katikati ya apdeti, Windows inabaki nusu huku nusu kule, na hapo hata mie nitakwambia tutafute fundi.

Lakini leo, kabla ya yote hayo, hata kabla hujaifungua Device Manager, chukua faili la maksi ulihamishie kwenye simu kwa waya huohuo. Ningetakiwa kuliandika mwanzo, ila najua unasoma mpaka mwisho ndipo unaanza.

Ukikwama, piga picha ule ukurasa wa "Hardware Ids" unitumie, picha ionekane vizuri, siyo kama zile za harusi ya dada yako. Nisalimie Bi Mkubwa na wote hapo Wete. Karafuu za baba zimekauka, au mvua zimewakuta jamvini? Na flashi ni ya mwanangu, ana kazi zake za skuli humo kwenye sehemu ya pili. Mpe yeyote unayemwamini anayepanda boti Mkoani.

Wassalaam,
Somo yako