Usipime suruali ya theluji ukiwa umesimama

Ngamiani, Tanga

Mwanangu kipenzi,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya tatu nilizima kabisa cherehani ili nisikie vizuri. Sisi huku hatujambo. Kaskazi inavuma, joto la Ngamiani unalijua mwenyewe, na bibi yako bado anauliza kila asubuhi kama umekula.

Umesema wenzako wa chuo huko Trondheim, Norway, wanakupeleka mlimani kujifunza kuteleza kwenye theluji kwa ubao, na mmoja kakwambia jinzi na lile koti lako jeusi vitatosha. Mwanangu, havitoshi. Theluji sijawahi kuikanyaga, lakini nguo zake zimepita mikononi mwangu miaka mingi, ndiyo maana nakuandikia kirefu.

Unayakumbuka yale makoti mazito yaliyokuwa yakitoka kwenye belo, mengine bado yana kikaratasi kilichofungwa kwa waya kwenye zipu? Hayo ndiyo makoti ya theluji. Ndani, usawa wa kiuno, yalikuwa na kama sketi fupi yenye lastiki na vifungo vya kubonyeza. Mimi niliona ni kitambaa kisicho na kazi, nikawa naifumua kwa wembe, koti baada ya koti, kisha nawauzia watu wa bodaboda na wanaopanda Lushoto. Mpaka siku moja akaja kijana anayebeba mizigo ya watalii Kilimanjaro. Akashika koti nililokwisha kulikata, akaligeuza, akaniuliza sketi yake iko wapi. Akanieleza kwamba mtu akianguka, theluji huingilia chini ya koti na kupanda mgongoni, na sketi ile ndiyo inayoizuia. Niliumia sana. Nilikuwa nimeharibu vitu vya watu kwa kutouliza tu. Kwa hiyo ukishika koti dukani, funua ndani kwanza. Sketi iwepo, lastiki yake isiwe imelegea. Kama ina vitanzi vya kushikana na suruali, ujue mara nyingi hushikana na suruali ya kampuni hiyo hiyo, kwa hiyo jaribu vyote viwili pamoja.

Cha pili ni mishono. Mteja wangu mmoja wa bodaboda alinirudishia koti wakati wa masika, limepitisha maji mabegani, na kitambaa chenyewe hakina hata tundu. Nikaligeuza nje ndani. Juu ya kila mshono kulikuwa na utepe mwembamba kama ganda la kitunguu, umegandishwa kwa moto, na pale begani ulikuwa umebanduka. Nilipouvuta ukaja wote. Kila ninapopitisha sindano natoboa tundu, na kila tundu ni njia ya maji. Utepe ule ndio unaoziba. Makoti mengine yana utepe kila mshono, mengine mabegani na kwenye kofia tu. Trondheim iko kando ya maji na theluji ya sehemu kama hizo mara nyingi ina majimaji, basi wewe tafuta yenye utepe kila mshono, hasa suruali, hasa makalioni. Na kwa sababu hiyo hiyo, ikikupwaya usiipeleke kwa fundi akaibane. Hata mimi mama yako nisingeitia sindano pale. Tafuta yenye vikanda vya velkro kiunoni, ujibane mwenyewe.

Kwenye lebo utaona namba mbili. Ya kwanza ni milimita: 10,000 maana yake kitambaa kimevumilia uzito wa safu ya maji ya mita 10 kabla ya kuvuja. Ya pili ni gramu za mvuke zinazopita kwenye mita moja ya mraba kwa saa 24, yaani jasho lako linavyopata pa kutokea. Koti, ukibanwa na pesa, naweza kukuruhusu upunguze kidogo. Suruali hapana. Suruali isishuke chini ya 10,000 ile ya kwanza, na ukipata 15,000 au 20,000 kwa bei unayoimudu, ichukue. Mtu wa ubao hukaa chini kwenye theluji kila anapofunga miguu kwenye ubao, na anayejifunza huangukia makalio na magoti kutwa nzima. Uzito wa mwili wako ndio unaoyasukuma maji yapenye.

Sasa kupima. Usisimame mbele ya kioo ukaridhika. Vaa kwanza nguo zote za ndani utakazovaa siku hiyo, na viatu vyenyewe vya ubao, kwa sababu ni vinene kuliko viatu vyako vyote. Kisha chuchumaa mpaka makalio yakaribie visigino. Kitambaa kikivuta magotini, au kiuno kikishuka mgongo ukabaki wazi, irudishe. Kaa sakafuni, jikunje, peleka mikono kwenye vidole vya miguu kama anayefunga kamba. Mkono wa koti usipande ukaacha kifundo cha mkono wazi juu ya glavu. Inua mikono juu, koti lisivuke kiuno. Ukisimama, upindo wa suruali ufunike kiatu na ukaribie kisigino bila kuburuza. Ndani ya mguu kuwe na kile kitambaa cha lastiki kinachokumbatia kiatu. Zipu zote zijaribu ukiwa na glavu.

Nguo za watu wa ubao hushonwa pana, na kwa sitara yako hilo limenifurahisha. Ushungi vaa ule mwembamba wa kubana, usiwe wa pamba, uingie wote chini ya kofia ngumu na ndani ya ukosi. Ncha isining'inie hata kidogo, vile viti vya kupandia mlimani visije vikainasa.

Pamba yote iache nyumbani, na hiyo jinzi. Pamba hunywa jasho ikakaa nalo mwilini, na kwenye baridi hiyo ni hatari. Vaa sufu nyembamba au poliesta, juu yake sweta la flizi, halafu koti. Lile jeusi lako limejazwa manyoya ya bata. Yakilowa hujikusanya mabonge na joto karibu lote linakwisha, kwa hiyo libaki la kwendea darasani. Koti likiwa na zipu za kwapani, zifungue unapotembea kupanda.

Usione haya kununua lililotumika, mama. Mimi nimekusomesha kwa nguo zilizotumika. Ila mwagia maji kidogo mkononi mwa koti: yakibingirika kama juu ya jani la mgimbi, bado zima. Yakinywewa, huenda linahitaji kufuliwa na kupakwa upya dawa ya kuzuia maji. Ukifua, usitie ile dawa ya kulainisha nguo, inaharibu kinga yake.

Ukiipata suruali, usikate lebo ya duka. Nipigie simu ya video, uchuchumae unigeuzie mgongo nione kiuno, kisha uivue uigeuze nje ndani, unionyeshe mishono ya makalioni kwa karibu, taa ikiwa imewashwa.

Mama yako