Majira ya kuchipua yasiishie kwenye maua ya karatasi

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nizungumze na wazazi na walimu wenzangu kuhusu shughuli tunazowaandalia watoto majira ya kuchipua yanapoingia. Kila mwaka kuta za madarasa hupambwa kwa maua na vipepeo vya karatasi, na mara nyingi aliyeshika mkasi ni mwalimu, kazi ya mtoto ikiwa ni kupaka gundi tu, ilhali nje ya dirisha miti inatoa majani mapya na hakuna aliyetoka kuitazama. Sipingi kazi za mikono hata kidogo. Ninachopinga ni kuzifanya zichukue nafasi ya msimu wenyewe.

Tuanze na punje ya harage, ambayo haimshindi mtu yeyote. Mtoto akiiloweka usiku kucha, kisha akaibana kati ya pamba yenye unyevu na ukuta wa chupa ya kioo, ataona yale ambayo udongo humficha. Ganda hulegea na kupasuka, mzizi mweupe hujitokeza na kushika njia ya chini, na baada ya siku kadhaa shingo ya mche hujipinda kama upinde na kuziinua juu zile nusu mbili za punje. Mzizi ukishatoka, mwache aigeuze punje juu chini. Baada ya muda ataona ncha ya mzizi inakunja kona na kurudi kuelekea ardhini. Hapo hakuna mtoto asiyeuliza mzizi umejuaje chini ni wapi, na jibu lake si la kukwepa: ndani ya ncha ile mna chembe nzito za wanga ambazo hutua upande wa chini na kuuongoza mmea. Pamba isizamishwe majini, maana punje inayokosa hewa huoza. Ikioza pia iandikwe daftarini, na nyingine iwekwe.

Shughuli hii inafaa nyumbani hata kwa wanaoishi ghorofani wasio na hatua moja ya bustani. Mche ukishasimama, unaweza kuwekwa ndani ya kasha la viatu lililotobolewa tundu moja ubavuni, na utapinda kuufuata mwanga bila kuagizwa na mtu. Tahadhari ni chache lakini ni za lazima. Mbegu za kupandia zilizopakwa dawa, ambazo kwa kawaida hutiwa rangi ili zitambulike, zisifike mikononi mwa watoto; mbegu za mbarika zina sumu kali na hazifai kuchezewa; na kila anayeshika udongo anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Shuleni kuna nafasi ya kufanya makubwa zaidi, kwa kuwa watoto ni wengi na uwanja upo. Upande wa kaskazini wa dunia, majira haya hufunguliwa kwa siku ya tarehe 20 Machi au karibu yake, na upande wa kusini tarehe 22 au 23 Septemba, mchana na usiku vinapokaribia kulingana. Siku hiyo darasa lisimike fimbo wima uwanjani, na kila baada ya saa moja mtoto mmoja atoke kuweka kijiwe pale inapofika ncha ya kivuli. Jioni vijiwe vitakuwa vimejipanga karibu katika mstari ulionyooka, jambo ambalo halitokei ukirudia zoezi hilo miezi mitatu baadaye, kwa kuwa wakati huo vijiwe huchora tao katika sehemu kubwa ya dunia. Nathubutu kusema kwamba somo la mzunguko wa dunia linaingia vizuri zaidi kwa njia hiyo kuliko kwa mchoro wa ubaoni.

Mvua nayo ni hesabu tupu. Chombo chochote chenye kuta zilizonyooka, kikiwekwa mahali pa wazi na kupimwa kwa rula kila asubuhi, kinatosha. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 ya maji katika kila mita 1 ya mraba, hivyo paa la mita za mraba 100 likinyeshewa milimita 10 linapokea lita 1,000. Mtoto aliyeipima mvua ya jana mwenyewe hahitaji kubembelezwa apige hesabu hiyo.

Wanaopenda wadudu wafuge kiwavi, ila wamlishe majani ya mmea uleule walikomkuta, kwa sababu viwavi wengi hufa njaa wakipewa majani mengine, na wale wenye manyoya wasishikwe kwa mkono mtupu. Akishageuka kipepeo au nondo, aachiliwe. Kuruka kamba, kurusha tiara na kukimbizana sina haja ya kuvieleza, kwani watoto wanavijua kuliko sisi. Wanachokosa ni ruhusa.

Nayajua majibu yatakayotolewa: muhtasari ni mrefu, mitihani iko karibu, sare zitachafuka. Sare hufuliwa. Kuhusu muhtasari, vipimo, michoro na maelezo niliyoyataja ni hisabati, sayansi na lugha, wala si muda ulioporwa masomo. Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyeanzisha chekechea yake mwaka 1837, alitaka kila mtoto awe na kijishamba chake cha kulima. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 31, unautambua mchezo na mapumziko kuwa haki.

Kwa hiyo nawaomba walimu wakuu watenge kipindi kimoja kila wiki, msimu mzima, kifanyike nje ya darasa. Wazazi wenzangu nawaomba jambo gumu zaidi, nalo ni kutomaliza kazi ya mtoto usiku akiwa amelala ili mche wake uonekane mzuri kuliko wa jirani. Nawe, Mhariri, kama ukurasa wa watoto una nafasi, ile picha ya kupaka rangi ipumzishwe kwa msimu mmoja, na mahali pake pachapishwe vipimo vya mvua wanavyoleta watoto wenyewe, pamoja na jina la shule ya kila mmoja.

Wako,
Mzazi na mwalimu