Cheti cha winchi kisiishie kwa opereta tu

Mhariri, naomba kanafasi kwenye gazeti lako niongee na mabosi wa ujenzi hapa Dar. Sa hivi ukienda kuomba kazi saiti kubwa, opereta wa winchi anaulizwa cheti, sawa, safi kabisa, lakini anayefunga mzigo na anayetoa ishara hawaulizwi chochote, asubuhi anachukuliwa saidia fundi yeyote anavalishwa riflekta anaambiwa we leo simama hapa uongoze winchi.

Jamani opereta akiwa juu mara nyingi mzigo haoni kabisa, macho yake ni huyo kijana wa chini. Na kufunga mzigo siyo kufunga gunia la mkaa kwenye baiskeli. Chukua nondo za tani 2 unazinyanyua kwa mikanda miwili, ikisimama wima kila mkanda unabeba tani 1, ila ikitanuka ikalala mpaka pembe ya nyuzi 30 kutoka usawa wa mzigo kila mmoja unabeba tani 2 nzima, mzigo ni uleule! Saidia fundi kafundishwa na nani hayo? Ukimuuliza atakujibu mbona jana tulinyanyua fresh tu.

Hata cheti cha opereta kiseme ni winchi la aina gani, maana mtu kazoea la kwenye lori kesho anapandishwa la mnara. Winchi likiandikwa tani 50 watu wanadhani ni 50 popote, kumbe ni mzigo ukiwa karibu kabisa na mashine, bumu, yaani ule mkono mrefu wa winchi, likienda mbali zinabaki tani chache, ndo kazi ya ile chati kwenye kabini. Wenzetu Marekani tangu Novemba 2018 opereta wa ujenzi lazima awe na cheti cha aina ya winchi analoendesha, bado mwajiri ampime mwenyewe, na mtoa ishara naye lazima awe amepimwa. Na winchi la Makka Septemba 2015 halikuwa hata linanyanyua kitu, bumu liliachwa juu, upepo mkali ukaja, wakafa watu zaidi ya 100.

Sasa OSHA, wakala wetu wa usalama na afya mahali pa kazi, mkija kukagua waya na ndoano, muulizeni na aliyefunga mzigo karatasi yake iko wapi. Na kozi alipe mkandarasi, maana kibarua akikaa darasani siku hiyo nyumbani hawali.

Riga (mfunga mizigo ya winchi), Tabata, Dar es Salaam